Tuache Kuwaambia "Ni Uzee Tu"



Kila mwaka ifikapo Juni, baridi ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini inapokaza, mabenchi ya wagonjwa wa nje katika hospitali yetu hujaa watu wa namna moja. Ni akina mama na akina baba wa miaka hamsini na kuendelea, wamejitanda mablanketi, wengi wana fimbo mkononi. Ukiwauliza kinachowasumbua, mmoja atasema "viungo, Nesi", mwingine "miguu inawaka moto", na mwingine hatasema neno bali atakuonyesha goti. Karibu wote wamekwisha kupita duka la dawa, na wengine kwa mganga wa kienyeji, kabla ya kufika kwetu. Na karibu wote wamekwisha kujibiwa na mtu fulani, nyumbani au hospitalini, maneno matatu: ni uzee tu.

Maneno hayo nami nimeyasema. Nimeyasema kwa miaka mingi, tena kwa upole, nikidhani namfariji mgonjwa. Leo naamini yamewadhuru watu wengi kuliko tunavyofikiri, na nitaeleza kwa nini.

Nilipokuwa bado kijana kazini alikuja mama mmoja mjane ambaye miezi minne kabla alikuwa ameugua mkanda wa jeshi. Malengelenge yalikuwa yamekauka na ngozi ya ubavuni imebaki na makovu tu. Lakini mama yule aliingia chumbani amekishika kitenge chake kwa mbali ili kisimguse ubavu. Alisema hawezi kuvaa blauzi, hawezi kulalia upande ule, na usiku anahisi kama anachomwa na kaa la moto. Mkwewe alikuwa ameanza kusema kwamba anakwepa kazi za shamba. Nikamtazama ngozi, nikaona imefunga vizuri, nikamwambia: "Mama, umepona. Hayo mengine ni uzee tu, uzoee." Akanijibu, "Haya, mwanangu," akaondoka.

Aliporudi, baada ya miezi kadhaa, aliletwa kwenye machela. Alikuwa akitapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Tulipowahoji watoto wake tukafahamu kwamba kila alipozidiwa alikwenda dukani kuchomwa sindano ya diklofenaki, na nyumbani alikuwa na vidonge vya kufungwa kwenye karatasi, vya rangi mbili, ambavyo muuzaji alimwambia ni "dawa ya mifupa". Tumbo lilikuwa limetoboka vidonda na damu inavuja. Wanawe wawili walitoa damu usiku ule, na kwa neema ya Mungu alipona. Ila mimi sikusahau ule mlango alioutokea akisema "haya, mwanangu". Sisi ndio tuliomsukuma dukani. Mtu anayeumwa akiambiwa haumwi, hatarudi kwako kukubishia. Atakwenda kwa yule anayemkubalia, hata kama huyo anauza sumu.

Mwaka 1968 muuguzi mmoja wa Marekani, Margo McCaffery, aliwafundisha wauguzi wenzake kwamba maumivu ni kile ambacho mwenye kuumwa anasema ni maumivu, na yapo pale anaposema yapo. Wengi walimwona anarahisisha mambo. Lakini mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kiliporekebisha maelezo yake ya neno maumivu, kiliongeza kwamba taarifa ya mtu kuhusu maumivu yake inapasa kuheshimiwa. Imechukua zaidi ya miaka 50. Sisi tuliosomea uuguzi tunapima joto kwa kipimajoto na shinikizo la damu kwa mashine, na tunapata shida kuamini kitu kisicho na mashine. Maumivu kipimo chake ni mdomo wa mgonjwa.

Sasa tuseme juu ya maumivu yenyewe, kwani hapa ndipo wengi huchanganya, wagonjwa na watoa dawa pia.

Maumivu ya viungo na maumivu ya mishipa ya fahamu si kitu kimoja, ingawa mara nyingi humkalia mtu mmoja. Katika kiungo, kwa mfano goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu laini linalozuia mfupa kusuguana na mwenzake. Kwa miaka na kazi, na zaidi kwa wenye uzito mkubwa au waliowahi kuumia goti, gegedu hulika na kiungo kizima hubadilika. Maumivu ya namna hiyo huongezeka mtu akitembea au akipanda mlima na hupungua akipumzika. Asubuhi kiungo huwa kigumu, lakini kwa kawaida hulainika ndani ya nusu saa. Sisi wote tunaita "baridi yabisi", na jina hilo linatufanya tulaumu baridi. Baridi huweza kumfanya mgonjwa ajisikie kukakamaa zaidi, hilo sikatai, lakini haikulila gegedu lake.

Ipo aina nyingine ya ugonjwa wa viungo ambamo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Huanza mara nyingi kwenye vidole vya mikono yote miwili, huvimba, na ugumu wa asubuhi huchukua saa nzima au zaidi. Huwapata hata akina mama vijana. Kwa huyu, kuambiwa "ni uzee tu" ni hatari mara mbili, kwa sababu zipo dawa za kuzuia viungo visiharibike, na dawa hizo hufaa zaidi zikianza mapema, chini ya uangalizi wa daktari. Akichelewa, vidole hupinda na havinyooki tena. Kuna na jongo, ambalo hupenda kidole gumba cha mguu na huja ghafla usiku, chenye wekundu na joto. Hilo nalo lina dawa zake.

Maumivu ya mishipa ya fahamu yana lugha yake. Mgonjwa atakuambia anawaka moto, anachomwa sindano, anahisi siafu wanatembea, anapigwa na umeme, au miguu imekufa ganzi lakini inauma, jambo ambalo msikilizaji huliona kichekesho. Si kichekesho. Mshipa wa fahamu ni kama waya wa umeme uliochubuka: unatoa cheche hata pasipo mtu kuwasha kitu. Ndiyo maana shuka likigusa mguu linauma. Ndiyo maana usiku, shughuli zikiisha na nyumba ikitulia, huzidi. Na kwa kuwa ngozi haina jeraha, majirani huona mtu mzima tu.

Waliochubuliwa waya hizo kwetu ni wengi. Kisukari kinaongoza katika wale ninaowaona. Mkanda wa jeshi ni mwingine. Mtu akiuona umeanza asisubiri, aende hospitali ndani ya siku tatu, kwani dawa ya virusi hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema. (Nimesikia wanaosema kwamba mkanda ukizunguka mwili na ncha zikakutana mtu hufa. Si kweli, lakini hofu hiyo imewapeleka wengi kwa waganga wakati siku tatu zinapita.) Ukoma huharibu mishipa ya fahamu, na bado upo. Pombe kali, na hata ulanzi ukinywewa kila siku kwa miaka huku mtu hali vizuri, huiharibu pia. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi inaweza kuiumiza, na ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa na vitamini B6. VVU vyenyewe huiumiza, na wale walioanza dawa za kupunguza makali miaka ya 2000 wanaikumbuka stavudini, ambayo mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe. Iliachwa, lakini wapo ambao miguu yao inawaka hadi leo. Na wapo waliobanwa mshipa mgongoni, ambao maumivu huanzia kiunoni yakashuka nyuma ya paja hadi kwenye unyayo.

Kwa maumivu hayo ya mishipa, diklofenaki haisaidii kitu cha maana. Hilo nalirudia kwa sababu kila wiki namwona mtu aliyechomwa sindano kumi kwa miguu inayowaka. Diklofenaki na ndugu zake hutuliza uvimbe, na waya uliochubuka hauna uvimbe wa kutulizwa. Hata kwa goti, dawa hizi ni za siku chache, baada ya chakula, kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, figo mbovu wala ugonjwa wa moyo, na mwenye umri mkubwa azitumie kwa tahadhari zaidi. Hupandisha shinikizo la damu, na figo huharibika kimyakimya. Sindano nayo ina hatari yake. Ikichomwa vibaya matakoni inaweza kuupiga mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na nimewaona waliotoka dukani wakiburuta unyayo. Kwa goti linalouma, dawa ya kupaka yenye diklofenaki ni salama zaidi kuliko ya kumeza, ianze hiyo. Parasetamoli haina makali sana, lakini husaidia baadhi ya watu, ilimradi mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku.

Vile vidonge vya kwenye karatasi vinanikasirisha kuliko vyote. Mara nyingi kimojawapo huwa prednisoloni. Ni dawa halali, inaokoa maisha mahali pake, na mgonjwa akiimeza siku mbili anajiona amefufuka, ndipo anapoisifia kijiji kizima. Akiendelea miezi, uso unavimba ukawa mviringo, sukari inapanda, mifupa inalegea, na ikiunganishwa na diklofenaki tumbo linavuja damu. Tena aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafla baada ya kusoma makala hii. Mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake, na kuikatisha kwa siku moja kunaweza kumwangusha. Aje hospitali na vidonge vyake mkononi, tumpunguzie taratibu. Hatutamgombeza. Au niseme, asigombezwe. Na akigombezwa amwombe matroni.

Siku hizi kuna na wauzaji wa virutubisho wanaopita stendi na kwenye simu, chupa moja bei ya debe kadhaa za mahindi. Sitapoteza nafasi ya Padre Mhariri kwa hao.

Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu zipo dawa, na moja ni ya zamani, ya tangu miaka ya 1960, na si ya bei kubwa: amitriptilini. Huandikwa na daktari au tabibu, huanza kwa kiasi kidogo usiku, na huongezwa polepole. Haifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki mbili au zaidi, na katika wiki hizo mgonjwa huona madhara tu, yaani mdomo kukauka, usingizi wa asubuhi, choo kigumu, bila kuona faida. Nusu ya kazi yangu kliniki ni kumwomba mtu avumilie wiki tatu. Haiwafai wote, wenye matatizo ya moyo, ya kukojoa, au presha ya macho waseme mapema. Lakini kuna kikwazo kingine ambacho vitabu havikukitaja. Dawa hii kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa wa sonona. Mgonjwa anakwenda kuichukua dirishani, kijana wa dawa anasema kwa sauti, "Hii ya wagonjwa wa akili," na watu kwenye foleni wanageuka. Bibi mmoja alinirudia na kibahasha chake akinitazama machoni: "Nesi, kumbe mmeniona kichaa?" Alikuwa ameambiwa kwa miaka miwili kwamba maumivu yake ni ya mawazo, na sasa akadhani tumelithibitisha kwa kidonge. Nilikaa naye nikamweleza kwamba dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili, kama mkaa unaopikia chai na kupigia pasi. Tangu siku hiyo naeleza kabla, na nimewaomba wenzangu wa dirishani waseme "dawa ya mishipa ya fahamu", basi.

Yule mama wa mkanda wa jeshi naye alipewa amitriptilini kabla ya kutoka wodini. Alipokuja kliniki baada ya mwezi alikuwa amevaa blauzi. Alisema maumivu yapo, lakini "yamekaa mbali", na kwamba analala. Kwa wagonjwa hawa usingizi ndio ushindi wa kwanza, kwa hiyo tusiwaahidi kwamba maumivu yatakwisha kabisa. Wengi hayaishi. Tunatafuta yapungue kiasi cha mtu kuishi.

Na kuishi kunafanyika nyumbani, si hospitalini. Naomba nikae hapa kidogo, maana mambo haya hayaandikwi kwenye cheti.

Kubwa kuliko yote ni choo. Choo chetu cha shimo kinamtaka mtu achuchumae, na goti lililolika haliwezi. Nimewahoji wazee waliokonda, tukadhani ni kifua kikuu au saratani, kumbe wanakula mlo mmoja na kunywa kikombe kimoja cha maji kwa siku ili wasiende chooni mara kwa mara. Wanaona aibu kusema. Mwingine alianguka humo usiku akavunjika nyonga. Dawa yake ni kiti cha mbao imara, kilichokatwa tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo, na nguzo au kamba ngumu ukutani ya kujishikia wakati wa kuinuka. Fundi seremala yeyote wa kijijini anakiweza kwa siku moja. Wanaume wa Jumuiya Ndogondogo wanaotafuta tendo la huruma la kufanya wakati wa Kwaresima, kazi ni hiyo.

Jikoni nako, kigoda kifupi kinamlazimisha mama kukunja magoti hadi mwisho, mara ishirini kwa siku. Inueni jiko juu ya matofali na mpeni kiti cha kimo cha kawaida. Jembe la mpini mfupi libadilishwe mpini. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na kwenye milima yetu kila kilo inashukia magotini. Gawaneni, abebe lita 5, wajukuu wabebe nyingine. Watafiti wamepima wakaona kwamba kwa kila kilo moja ambayo mtu mnene anapunguza, goti hupungukiwa mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Kwa hiyo kilo tano si jambo dogo. Fimbo ishikwe mkono wa upande ulio kinyume na goti linalouma. Wengi huishika upande ule ule, kisha wanasema haisaidii.

Mtu mwenye ugonjwa wa magoti asikae kitandani mchana kutwa. Kiungo kinachopumzishwa siku zote hukakamaa na msuli wa paja hunyong'onyea, na msuli huo ndio unaolishika goti. Aketi kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele hadi ukae sawa, ahesabu hadi kumi, aushushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki za kwanza ataona kama anapoteza muda. Mimi mwenyewe, ambaye goti langu la kulia limeanza kunidai tangu nilipofikisha miaka 52, hufanya zoezi hilo ofisini nikiandika ripoti ya zamu, na wauguzi vijana hunicheka.

Sasa, maji ya moto. Kwa kiungo kilichokakamaa, kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu ni faraja kubwa, na mababu zetu hawakukosea. Lakini mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi asitumbukize miguu kwenye beseni la maji ya moto, wala asiiweke kando ya moto kuikausha baridi. Hahisi anapoungua. Nimemhudumia baba aliyekandwa miguu na binti yake kwa mapenzi yote, maji yenye chumvi, jioni baada ya jioni, kwa ajili ya magoti yake. Magoti yalipata nafuu. Vidole viliungua bila yeye kujua, vikaoza, na tukamkata mguu chini ya goti lile lile. Ugonjwa mmoja ulikuwa unatibiwa kwa kitu kinachouzidisha mwingine, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza kama ananusurika na ganzi. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine, na yaishie magotini. Na kila jioni mjukuu mwenye macho mazuri aangalie nyayo za babu na katikati ya vidole kwa tochi. Babu akiumia na mwiba asubuhi, huenda asijue hadi usaha utoke. Asitembee peku, hata ndani.

Sasa niguse jambo ambalo Mapadre wangeliandika vizuri kuliko mimi. Mara nyingi katika kumtembelea mgonjwa wa namna hii, sisi Wakristo tunamwambia abebe msalaba wake. Sipingi. Nimewaona waliobeba maumivu kwa imani kiasi kwamba mimi niliyekwenda kuwafariji nilirudi nimefarijiwa. Lakini neno hilo ni la mgonjwa mwenyewe kulisema. Likitoka kinywani mwa mtu mwenye magoti mazima, mara nyingi maana yake ni "usinisumbue". Yesu mwenyewe njiani aliwekewa Simoni wa Kirene. Na yule Msamaria hakusimama juu ya mtu aliyejeruhiwa kumfundisha maana ya mateso. Alimmiminia mafuta na divai, akamfunga jeraha, akalipa gharama. Papa Yohane Paulo II aliueleza mfano huo kwa kirefu katika barua yake juu ya mateso, Salvifici Doloris, ya tarehe 11 Februari 1984, naye si mtu aliyeandika asichokijua baadaye: mwaka 1994 alivunjika mfupa wa paja, na tangu hapo tulimwona na fimbo. Hata kabla yake, mwaka 1957, Papa Pius XII alipoulizwa na madaktari wa usingizi alijibu wazi kwamba Mkristo hana wajibu wa kukataa dawa ya maumivu. Kwa hiyo yule anayemwambia mama yake kwamba kumeza kidonge ni upungufu wa imani, hakuyatoa hayo katika mafundisho ya Kanisa. Aidha, Mpako wa Wagonjwa si wa kusubiri pumzi ya mwisho. Mzee aliyedhoofika kwa maradhi anaweza kuuomba, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaouomba.

Ombi langu la mwisho linahusu kanisani. Bibi mmoja wa parokia yetu aliacha kuja Misa kwa miezi. Jumuiya ilidhani amehamia kwa walokole. Nilipomtembelea akaniambia: "Nikipiga magoti siwezi kuinuka. Nisipopiga, wananitazama. Siku moja yule mzee wa kanisa alinigusa bega." Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma, kifungu cha 43, yanasema waamini wapige magoti wakati wa mageuzo isipokuwa kama wanazuiwa na afya au sababu nyingine ya haki, na asiyepiga magoti ainame kwa heshima padre anapopiga magoti. Nilimwonyesha Baba Paroko, ambaye bila shaka alikijua kifungu hicho kabla yangu. Jumapili iliyofuata alilitangaza kabla ya baraka, akawaomba wasimamizi waache benchi la nyuma karibu na ukuta kwa ajili ya wenye kuumwa miguu, mahali ambapo mtu anaweza kujishikia.

Jumapili ya kwanza walikaa watatu. Mwezi uliofuata nilihesabu kumi na moja, na mmoja wao alikuwa ni yule mzee aliyekuwa akigusa watu mabega.